Kiu ya Minara

Moto ulipokwisha kuzimwa, watu wa Kirwa walimtafuta Injinia Naelijwa Mrutu ili wamshukuru.

Walimkuta ukingoni mwa msitu, buti zake zimezama kwenye majivu yaliyokuwa bado na uvuguvugu. Yeye na mafundi wake walikuwa wamevuta mabomba kutoka kituo cha minara ya kuvuna ukungu, na maji yaliyokuwa yakienda Makanya, kule chini tambarare, wakayageuzia motoni mpaka moto ukasalimu amri. Nusu ya msitu ilipona. Nyumba hazikuguswa. Mtu aliyekufa alikuwa mmoja tu, Elinaja, mrina asali, aliyekutwa chini ya mti wenye mzinga wake.

"Bila minara yenu, Injinia, leo tungekuwa jivu sote," mwenyekiti wa kijiji alisema, akamwekea mikononi jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Akina mama wakapiga vigelegele, ingawa sauti zao zilikuwa zimekauka kwa moshi. Naelijwa alimshika yule jogoo kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Hakujua amrudishe kwa maneno gani, basi akasema ahsante.

Walipotawanyika, alibaki mwanamke mmoja amejitanda kanga mpaka usoni. Alikuwa Namkunda, mjane wa Elinaja.

"Shikamoo mama," Naelijwa alisema. "Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa." Namkunda hakuinua macho. "Nimekuja kukuomba radhi, Injinia. Wewe na mafundi wako mmehangaika, mmeungua mikono, kwa sababu ya kienge cha mume wangu cha kufukuzia nyuki."

"Mama, usiseme hivyo."

"Kila mtu anasema, kwa nini nisiseme mimi? Amerina asali kwenye msitu huu tangu ujana wake, na baba yake kabla yake, kwa vienge hivihivi. Sijui siku hiyo alipitiwa na nini. Labda uzee." Alijifuta pua kwa pindo la kanga. "Matanga yangu yameishiwa watu kabla ya siku zake. Hata jirani yangu wa mlango kwa mlango hakuja kuaga. Wanasema nimezaa na mtu aliyechoma mlima."

Akamkaribisha chakula, kwa kuwa mtu hapiti penye msiba bila kuonja, na Naelijwa akaenda. Aliketi kwenye mkeka uliokuwa na watu wachache mno, akala makande ya mfiwa.

Alipokuwa akirudi kituoni alipita sehemu ya msitu iliyosalimika. Matawini ilining'inia kuvumwani, zile nywele za kijani za misitu ya mawinguni. Zamani ukiikamua, maji yanakutiririkia mpaka kwenye kiwiko. Kienge kikianguka kwenye kuvumwani ya Kirwa kilikuwa kinafyonzwa tu, kinatoa moshi kidogo, kinakufa. Naelijwa alinyoosha mkono akashika fungu moja. Likasagika vidoleni mwake kama tumbaku.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

*

Minara ilisimama kwa safu kwenye bega la mashariki la mlima, pale ukungu unapopanda kila alfajiri kutoka upande wa bahari. Kati ya nguzo na nguzo ilitandazwa ngozi, na hilo halikuwa jina la mzaha. Haikufumwa kiwandani, ilioteshwa. Naelijwa aliilea maabara kwa miaka, kiumbe jamii ya ukoga na kuvu, chenye vinyweleo vinavyounusa unyevu, vikasimama, vikaunywa. Jua likipanda ngozi inatoa jasho, na jasho hilo, maji matamu yasiyo na doa, linatiririka kwenye mifereji mpaka mabombani.

Kitu kimoja tu kwenye ngozi kiliweza kuamriwa: kiu yake. Ukiilisha chumvi kidogo, inakunywa kidogo, na ukungu mwingi unapita katikati ya nguzo kwenda zake msituni. Ukiiongezea chumvi, inakuwa kama mlevi aliyeachiwa pipa.

Kiangazi kilichopita matangi ya Makanya yalipungua, na Zakayo Kihiyo, mkurugenzi wa kampuni, alimwomba Naelijwa aongeze kiu. Akaongeza mpaka mwisho. Kesho yake alitoka nje ya kituo na kikombe chake cha chai akauona msitu umesimama peupe juani wakati ambapo ulipaswa kuwa umezama ndani ya wingu. Alijiambia: ni kwa kiangazi tu, mvua zikianza nitaipunguza. Mvua zikaanza. Wakati huo mitaa mipya ya Makanya ilikuwa imekwisha kuunganishiwa bomba, watu wanafungua koki wanacheka, na hakuna aliyeuliza habari ya msitu. Naye hakuipunguza.

Zakayo alikuwa akimsubiri ofisini. Walisoma pamoja, wakaianzisha kampuni pamoja, wakalala njaa pamoja kabla mtu yeyote hajaamini kwamba ukungu unaweza kuwa biashara.

"Bi. Rahma wa mfuko uliotupa mtaji anafika kesho," alisema. "Amesikia habari za moto. Amesema mradi unaozalisha maji na kuokoa kijiji ndio hasa mfuko wao ulikuwa unautafuta. Anakuja kuidhinisha awamu ya pili."

"Kuvumwani imekauka, Zakayo."

Zakayo alikwenda akafunga mlango.

"Kienge kilianguka, Naeli. Mtu amekufa, Mungu amrehemu. Lakini kienge ni kienge."

"Vienge vimeanguka humo tangu enzi za mababu. Vilikuwa vinazima vyenyewe. Mimi ndiye niliyeukausha ule msitu."

"Sisi," Zakayo alisema. "Mimi nilikuomba. Sikuachii mzigo peke yako." Aliketi, akaikunja suruali yake mpaka magotini, taratibu, kama mtu anayemwonyesha daktari. Miguu yake ilikuwa ya matege, imepinda kwa nje kama upinde. Ndivyo visima vya Makanya vilivyokuwa vikiwafanya watoto, kwa floraidi yake iliyokuwa ikila mifupa na kuyatia meno rangi ya kahawia. "Umeishi na miguu hii mbele yako miaka yote, umeizoea. Itazame leo. Watoto waliozaliwa tangu minara isimame, umewaona wanavyokimbia? Sharti la kwanza la mfuko ni kwamba hawatii mtaji kwenye mradi unaoumiza chanzo cha maji. Ukisema, Bi. Rahma anaondoka. Akiondoka yeye, wengine wanamfuata. Minara inafungwa, na wale watoto wanarudishwa kisimani. Nenda ukawaambie wewe."

"Sijasema kwamba nitasema."

"Basi sikiliza. Atie saini kwanza. Tukijenga minara mipya upande wa pili wa mlima, tutaipunguzia kiu hii ya zamani, kimyakimya. Msitu utarudi. Nakuapia. Hakuna atakayepoteza."

"Na Elinaja?"

"Elinaja amekufa. Maneno hayamchomi tena."

"Yanamchoma mkewe."

Zakayo aliishusha suruali yake, akainyoosha kwa viganja. Hakuwa mtu mbaya. Naelijwa alitamani angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi. "Mjane tutamsaidia," alisema. "Tutamjengea nyumba nzuri. Lakini usiseme, Naeli. Nakuomba."

Naelijwa alitazama dirishani, ngozi za minara zikimetameta kwa jasho.

"Sawa," akasema.

*

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi Kirwa. Bi. Rahma Kassim alikuwa mwanamke wa Tanga, mwenye mvi alizozisuka bila kuzificha, na alizunguka akisalimia mmoja mmoja kabla hajakaa kwenye kiti cha wageni. Mfuko aliouongoza ulikuwa wa akiba za uzeeni za walimu na wauguzi.

"Fedha hizi si zangu," aliwaambia wanakijiji. "Zina wenyewe, na wenyewe wameniambia hawataki kula uzeeni mwao kitu kilichomliza mtu. Kwa hiyo nisameheni, mimi huuliza maswali." Akamgeukia Naelijwa, akauliza kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani. "Injinia, wewe ndiye mama wa minara hii. Moto kama huu ungeweza kutokea kabla haijasimama?"

Uwanja mzima ukamtazama. Zakayo alikuwa akitazama mikono yake.

"Kiangazi kilikuwa kikali sana, Bi. Rahma," Naelijwa alisema.

Ilikuwa kweli. Kiangazi kilikuwa kikali. Watu wakatikisa vichwa kukubali, Bi. Rahma akashukuru, na Naelijwa akaketi. Alifikiri: kumbe uongo unaweza kutengenezwa kwa kweli tupu, bila kuchanganya hata chembe ya kitu kingine.

Hapo mwenyekiti akasimama kutangaza uamuzi wa serikali ya kijiji. Urinaji wa asali ulipigwa marufuku. Mizinga yote iliyokuwa msituni ingekusanywa na kuteketezwa, na ya marehemu ingekuwa ya kwanza, mbele ya mgeni, ili ionekane kwamba Kirwa inajua kutunza mazingira.

Namkunda alitokea nyuma ya darasa. Alikuwa amebeba mzinga kichwani, gogo lililochongwa likachakaa mpaka likawa laini kama mpini wa jembe, na mingine aliiburuta kwa kamba. Hakuna aliyenyanyuka kumpokea. Aliitua katikati ya uwanja, akahema, kisha akapiga magoti vumbini.

"Nawaombeni radhi kwa niaba ya mume wangu," alisema. "Naomba msilisahau jina lake kwa mema aliyowahi kufanya. Lakini kwa hili, alikosa. Nimekubali. Alikosa."

"Hakukosa," Naelijwa alisema.

Alikuwa amesimama. Hakukumbuka kusimama. Sauti yake ilitoka ndogo, ikabidi arudie.

"Hakukosa. Inuka, mama, tafadhali. Mume wako hakukosa kitu. Kienge chake kilianguka kama vilivyoanguka vya baba yake, ila msitu ulikuwa umekauka. Ukungu unaoulowesha msitu huu unapita kwanza kwenye minara yangu. Kiangazi kilichopita niliiongezea minara kiu mpaka mwisho, ikaunywa wote. Msitu haukubakiziwa kitu. Mmenipigia vigelegele kwa maji niliyowazimia moto, na ni maji yaliyotoka kwenye msitu wenu wenyewe."

Bendera ya shule ilisikika ikijipiga kwenye mlingoti. Zakayo alifunika uso kwa viganja.

Namkunda aliinuka. Alijipangusa magoti bila haraka, akamsogelea mpaka pumzi zao zikakutana.

"Ulijua lini?"

"Niliona siku niliyoongeza kiu. Niliuona msitu umesimama juani."

"Siku hiyo Elinaja alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Mvua za vuli zilipokuja alikuwa hai. Alikuwa anakaa kwenye kile kiti chake anashangaa, anasema nyuki wamehama, mlima una nini mwaka huu. Wewe ulikuwa unajua mlima una nini."

"Nilijua, mama."

"Na ulipoketi kwenye mkeka wangu ukala chakula changu?"

Naelijwa aliitikia kwa kichwa.

Kama mwanamke yule angempiga kofi, angelipokea kama dawa. Namkunda hakumpiga. Aligeuka akauinua mzinga wa mumewe, akaujitwika, akashika ile kamba, akaanza kuiburuta mingine kurudi nyumbani kwake. Vijana wawili walikimbilia kumsaidia, akawakatalia. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyempisha njia, kofia ameivua, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka kwamba hakuaga matangani.

*

Walikutana darasani baadaye, watu watatu kwenye madawati ya watoto, magoti yao yamewafika kifuani.

"Najua utakalosema, Bi. Rahma," Zakayo alianza. "Mfuko unajitoa."

"Nikijitoa leo, nitakuwa nimenawa mikono kwa maji yenu," Bi. Rahma alisema. "Tulipokuja mara ya kwanza tuliuliza maji haya yanamfikia nani. Tukaonyeshwa watoto wa Makanya, tukafurahi, tukapiga nao picha. Hatukuuliza yanatoka kwa nani. Hilo ni letu, si lenu peke yenu." Alivua miwani, akayasugua macho. "Awamu ya pili haipo. Kiu ya minara irudishwe ilipokuwa mwanzo, kuanzia leo. Mtaji nitaubakiza, lakini uende kwenye mitambo ya kuchuja visima vya Makanya, ile inayoondoa floraidi. Najua haina faida ya haraka. Nitawaeleza wenye akiba yao, na wakinifukuza kazi, wanifukuze."

"Mitambo hiyo itachukua mwaka, pengine zaidi," Zakayo alisema. "Hapo katikati maji ya minara hayatatosha. Watu watakunywa nini?"

"Watagawana kidogo kilichopo."

"Na nani atakwenda kuwaambia kwamba wagawane? Mimi siendi. Mama yangu anakaa mtaa wa sokoni. Mimi ndiye niliyemwekea koki nyumbani kwake kwa mikono yangu." Alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane Naelijwa aliuona uzito wa ile miguu alipoinuka. "Umesema kweli, Naeli. Sikukatalii. Lakini kuna wengine walikuwa hawajaungua bado, na sasa umewasogeza karibu na moto."

Alitoka, akauacha mlango wazi.

"Nitakwenda mimi," Naelijwa alimwambia Bi. Rahma.

Kuitoa ngozi chumvi haikuwa kazi ya kubonyeza kitufe. Iliwabidi yeye na mafundi wapande nguzo moja baada ya nyingine na kuiosha kwa brashi laini, kama anavyooshwa mgonjwa. Ukungu ulipoanza tena kupita katikati ya nguzo, ulipita kwanza kwa mafungu, kisha kwa wingi, ukaingia msituni kuliko na miti mizima na kuliko na visiki vyeusi bila kuchagua. Mafundi walishangilia. Yeye alishuka chini akapanda gari kwenda Makanya.

Aliwaambia pale sokoni, kwa kipaza sauti cha kuazima, akiwa amesimama juu ya kreti. Aliwaambia kilichotokea, nani alifanya, na kwamba maji yatafunguliwa kwa zamu mpaka visima vitakapopata mitambo. Baadhi walimzomea. Mzee mmoja alimuuliza kama kuvumwani ya mlimani ina meno ya kuharibika, na watu wakacheka kicheko kisicho na raha. Mama yake Zakayo alikuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba chakula kipo nyumbani akitaka, ila leo asimtegemee kuzungumza naye.

Kutoka Kirwa ilimfikia habari kwamba jina la Elinaja lilisomwa kanisani, mwenyekiti akaomba msamaha mbele ya waumini, na uamuzi wa mizinga ukafutwa. Naelijwa alimtumia Namkunda salamu mara kadhaa. Waliozipeleka walirudi wakisema zimepokewa. Hakuna hata mmoja aliyerudi na jibu.

Alipanga chumba Makanya, karibu na gati la maji la zahanati, na siku za zamu alipanga foleni na ndoo yake kama wengine. Mafundi walimwambia angeweza kuletewa maji kwa gari la kampuni. Alikataa, bila kueleza sababu, kwa kuwa hakuwa na hakika kama anafanya haki au anajionyesha tu.

Asubuhi moja jua lilikuwa limeshachoma na foleni imezunguka ukuta wa zahanati. Mbele yake alisimama mwanamke kijana, tumbo lake la mimba limekwisha kushuka, na ndoo kubwa ya kawaida ya familia. Walisogea pamoja kidogokidogo. Yule mwanamke aligeuka mara ya kwanza, akageuka mara ya pili.

"Samahani, dada," alisema. "Ni wewe uliyepunguza maji?"

Watu waliokuwa karibu waliacha mazungumzo yao.

"Ni mimi," Naelijwa alisema.

"Mimi najifungua mwezi huu."

"Naona."

Maneno yote aliyokuwa ameyapanga, ya msitu na vizazi vijavyo na chemchemi ambayo ikifa haifufuki, yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa mbele ya tumbo lile. Alisubiri kutukanwa. Yule mwanamke alimtazama muda mrefu. Kisha zamu yake ikafika, akageuka, akakinga maji yake mpaka ndoo ikajaa ukingoni, akasokota kata ya kanga akaiweka kichwani.

"Basi nitwishe," alisema.

Naelijwa aliinama. Ndoo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Maji yakayumba, yakamlowesha kifua, akaogopa atayamwaga yote. Aliinua kwa mikono miwili, akaituliza juu ya ile kata, hakuiachia mpaka shingo ya yule mwanamke ilipokaa sawa.

"Ahsante," mwanamke alisema, akaondoka polepole kuufuata ukuta, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine kiunoni.

Zamu ilikuwa ya Naelijwa. Aliitazama ndoo yake tupu, akawapisha waliokuwa nyuma, akaenda kusimama mwisho wa foleni.